Diouana, Wanda, Maria au Sara: uanze na ipi kati ya hizi muvi nne za zamani?

Nimeulizwa hili swali mara nyingi mpaka nimeona bora niliandike lote sehemu moja. Mtu anataka kuanza kuangalia sinema za zamani zinazosimulia maisha ya mwanamke, zile ambazo hazikupita vibanda umiza wala hakuna DJ aliyezitafsiri, ameshasikia majina mawili matatu, Jumamosi usiku anafungua laptopu, bando lipo, watoto wamelala, alafu anakwama hapo hapo hajui abonyeze ipi. Anachagua yoyote, dakika ya ishirini anazima, na harudi tena. Muvi yenyewe nzuri tu, ila haikuwa ya usiku ule. Hilo linaniuma kweli, maana hizi kazi zilishakaa kabatini na maabara miaka na miaka bila mtu kuziona, mbili kati ya hizi nne walioziongoza wamekufa kabla hazijapewa heshima yake, sasa zimerudi alafu tunaziacha kwa sababu tu tulianza na isiyotufaa.

Nimechukua nne ambazo nimeziangalia zaidi ya mara moja: La Noire de... ya Ousmane Sembène (1966), Wanda ya Barbara Loden (1970), Sambizanga ya Sarah Maldoror (1972) na Losing Ground ya Kathleen Collins (1982). Yale majina manne ya juu ni ya wanawake wa kwenye stori, kwa mpangilio huo huo. Tatu zimeongozwa na wanawake, moja na mwanaume, na hiyo ya mwanaume nimeiweka makusudi, utaona. Wapo watakaouliza mbona hujaweka za kwetu, Arusi ya Mariamu ya Tanzania ya 1985 au Saikati ya Anne Mungai wa Kenya ya 1992. Nazipenda zote mbili na zinastahili kuandikiwa peke yake, ila hapa nataka zile ambazo mtu wetu anazikuta nje, hana wa kumuelekeza.

Vigezo vyangu

Nne zote nitazipima kwa mambo yale yale. Kwanza stori ni ya nani, yaani imetoka kwenye maisha ya dairekta mwenyewe, ya jirani yake, au ya mtu aliyesomwa gazetini. Pili sauti, huyo mwanamke anaongea au ananyamaza, na akiongea anamwambia nani, na kwangu hiki ndo kigezo kikubwa kuliko vyote maana muvi nyingi zinamuweka mwanamke kuwa steringi alafu ukihesabu maneno yake hayajai ukurasa. Tatu urefu na mwendo. Nne uzito, kwamba ndani kuna nini kitakachokuumiza, na hili nitalisema wazi hata kama linagusa mwisho wa stori, afya ya mtu ni bora kuliko mshangao. Tano kopi, ilipotelea wapi, imerudije, na lugha gani. Alafu inamfaa nani.

La Noire de... (Senegal, 1966)

Stori ni ya nani. Sembène aliitoa kwenye habari ya gazeti ya mwaka 1958, dada wa kazi kutoka Afrika aliyejiua Antibes, mji wa pwani kusini mwa Ufaransa. Kwanza akaiandika kama hadithi fupi, baadae akaifanya sinema. Kwa hiyo sio maisha ya dairekta, ni maisha ya binti ambaye gazeti lilimpa mistari michache likafunga ukurasa. Kwenye muvi anaitwa Diouana, ameigizwa na Mbissine Thérèse Diop. Anapatikana Dakar, pale mtaani ambapo mabinti wanakaa wamejipanga wakisubiri mabosi waje kuchagua, Madame anakuja wote wanamkimbilia, yeye habanduki alipokaa, na kwa sababu hiyo hiyo anachaguliwa. Kazi aliyopewa ni kulea watoto. Anasafirishwa kwa meli mpaka Ufaransa, anafika watoto hawapo, ni kupika, kufua, kusugua, na nje hatoki. Ufaransa yake ni jiko, bafu na kijichumba cha kulala.

Sasa hebu toa Antibes weka Muscat au Riyadh, toa meli weka ndege na ajenti, uone kama kuna ukoo pwani hii ambao hauna stori hiyo. Mama yangu mdogo alifanya kazi za ndani nje kwa miaka mitatu. Niliiangalia naye sebuleni, mi namtafsiria, yeye anakata kucha kimya kimya kama vile hasikilizi. Tukafika pale barua inapokuja kutoka kwa mama yake Diouana, bosi mwanaume anaisoma kwa sauti, alafu anachukua kalamu anaanza kujibu yeye, kwa jina la Diouana, anamtungia mpaka salamu. Diouana anaichana barua. Mama mdogo akaweka mkasi chini akasema, "Na mimi walikuwa wanaongea na nyumbani kwa niaba yangu." Alikuwa hajawahi kuniambia hilo miaka yote.

Sauti. Hapa ndo penye kazi. Mbele ya mabosi Diouana hasemi kitu zaidi ya "Oui, Madame", ila sisi tunasikia yaliyo kichwani mwake muvi nzima, anauliza, anakumbuka, anakasirika. Na ile sauti tunayoisikia sio ya Diop, ni ya mwigizaji mwingine, Toto Bissainthe wa Haiti, kwa Kifaransa kilichonyooka ambacho binti kama Diouana asingekuwa nacho. Mara ya kwanza ilinikera, nikasema mwanaume kaandika, mwanamke mwingine kasema, Diop mwenyewe kabaki uso. Mara ya pili nikaangalia uso wenyewe tu, jinsi anavyovaa gauni zuri na viatu vya kisigino kupiga deki, anavyoambiwa avivue, anavyosimama mlangoni wageni wanapomjadili kama hayupo, nikaona kwamba Diop amesema mengi sana bila ile sauti. Mpaka leo hayo mawili nimeyabeba yote, silazimishi moja lishinde.

Urefu na mwendo. Kama saa moja tu, nyeupe na nyeusi, haipotezi dakika. Ndo nyepesi kuliko zote kwa mtu asiyezoea sinema za zamani.

Uzito. Mwisho Diouana anajiua. Nasema mapema kwa sababu muvi haikuandai, na kama hilo jambo limegusa nyumba yako usiiangalie peke yako usiku.

Kopi. Imetengenezwa upya na picha imesafishika vizuri, ukitafuta kwa Kiingereza inajulikana kama Black Girl. Ni Kifaransa kikiwa na maandishi ya Kiingereza chini.

Inamfaa mwenye muda mfupi, mwenye ndugu aliyewahi kufanya kazi za ndani nje au anayetaka kwenda, na mtu wa kutaka kujua sinema ya Afrika ilianzia wapi, maana hii ni kati ya muvi ndefu za kwanza kabisa kuongozwa na Mwafrika kusini mwa Sahara.

Wanda (Marekani, 1970)

Stori ni ya nani. Barbara Loden ameandika, ameongoza na ameigiza yeye mwenyewe. Alizaliwa 1932 North Carolina, akalelewa na babu na bibi yake, akaenda New York akawa modo na mcheza shoo, baadae mwigizaji wa jukwaani mpaka akapata tuzo ya Tony 1964, na aliolewa na Elia Kazan, dairekta mkubwa wa Hollywood. Stori ilianzia gazetini na yenyewe, mwanamke aliyeshiriki wizi wa benki, hakimu akamfunga miaka 20, yeye akamshukuru hakimu. Loden akajiuliza, mtu anafika wapi mpaka anashukuru kufungwa? Alivyoanza kumuandika akajikuta anajiandika, na aliwahi kusema wazi kwenye mahojiano kwamba na yeye aliishi miaka mingi hivyo hivyo, hajijui, anaelea tu anakopelekwa. Yaani katika hizi nne, hapa ndo dairekta amejitoa mwenyewe mbele ya kamera bila pazia.

Wanda anaishi eneo la migodi ya makaa ya mawe Pennsylvania, analala kwenye kochi la dada yake. Anachelewa mahakamani kwenye kesi yake ya talaka, anaingia na rola kichwani, anamwambia hakimu mumewe apewe talaka na watoto wabaki huko, watakuwa salama zaidi. Anaenda kiwanda cha kushona kuomba tena kazi anaambiwa yuko slo sana. Anasinzia kwenye jumba la sinema anaibiwa hela zote. Alafu anaingia baa moja kuomba kutumia choo, kumbe yule mwanaume nyuma ya kaunta sio mwenye baa, ni jambazi, na ndo anaondoka naye.

Sauti. Wanda anaongea kidogo na akiongea anaomba. Hakuna sauti ya kichwani kama ya Diouana, hatuambiwi anachofikiri, na ukweli wengine hili linawashinda, wanataka aeleze kwa nini kaacha watoto, kwa nini hakimbii, kwa nini anamkubali mtu anayemzaba kofi. Muvi haielezi. Nilipokuwa mdogo ningemhukumu, siku hizi nawajua akina Wanda wawili watatu mtaani kwetu, na hakuna hata mmoja anayeweza kukueleza. Kuna mwanamke hata akilia hajui analia nini.

Urefu na mwendo. Saa moja na dakika arobaini hivi, na ni slo. Kuna sehemu Wanda anatembea kwenye eneo la makaa ya mawe, nguo nyeupe, kadogo kama punje ya mchele kwenye sinia jeusi, na kamera inamuangalia tu anatembea, anatembea. Ilipigwa kwa kamera ndogo ya milimita 16 na kikundi cha watu wachache mno, waigizaji wengi sio wa kazi hiyo, ndo maana inaonekana kama mtu kachungulia maisha ya watu.

Uzito. Umaskini, kofi, jaribio la kubakwa karibu na mwisho, na mama aliyeacha watoto. Kifo kipo ila sio chake. Inachosha moyo taratibu, haikupigi ghafla.

Kopi. Ilipata tuzo tamasha la Venice 1970, Marekani ikaonyeshwa kidogo ikapotea. Loden alikufa 1980 kwa saratani ya matiti akiwa na miaka 48, na hakuna muvi nyingine ndefu aliyoongoza. Negativu zake, yaani mikanda ya asili, zilikutwa 2007 kwenye maabara moja Hollywood iliyokuwa inafungwa, zimebaki kidogo tu zitupwe, watu wa hifadhi ya filamu ya chuo cha UCLA wakaziokoa, ikarudi ikiwa imetengenezwa upya 2010, na 2017 ikaingizwa kwenye orodha ya sinema za kuhifadhiwa ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Kiingereza, rahisi kueleweka.

Inamfaa mtu mvumilivu, mtu aliyepitia kipindi cha kutojielewa, na yeyote anayeandika au kuigiza, maana utajifunza jinsi ya kumuonyesha mtu bila kumtetea wala kumshitaki. Haimfai anayetaka mwanamke shujaa.

Sambizanga (1972)

Stori ni ya nani. Hii ni Angola ya mwaka 1961, bado iko chini ya Wareno, na kwa kuwa vita ilikuwa inaendelea ikabidi ipigwe Kongo Brazzaville. Imetoka kwenye kitabu cha Luandino Vieira, mwandishi aliyefungwa na Wareno miaka mingi, na kitabu kinamhusu zaidi mwanaume, Domingos, dereva wa trekta anayekamatwa alfajiri kwa siasa. Maldoror akageuza jicho. Alikuwa mzaliwa wa Ufaransa, baba yake wa Guadeloupe, alisomea sinema Moscow kipindi kile kile na Sembène, na mwenza wake, Mário de Andrade, alikuwa kati ya viongozi wa MPLA, chama cha wapigania uhuru wa Angola, na alikuwa kati ya walioandika naye skripti. Kwa hiyo mwanamke anayebaki nyumbani na watoto wakati mume yuko kwenye harakati hakuhitaji kuhadithiwa, alimjua. Akampa nusu ya muvi mke wa Domingos, Maria.

Na Maria anafanya nini? Anatembea. Anambeba mtoto mgongoni, anatoka kijijini kwa mguu na kwa basi mpaka Luanda, anaingia ofisi moja ya polisi anaambiwa hayupo hapa nenda kule, kule anaambiwa rudi, anapayuka, anafukuzwa, anaanza tena. Mtu yeyote aliyewahi kumtafuta ndugu yake kituo hadi kituo atajua kwamba hii haijatiwa chumvi. Pembeni kuna mzee na mtoto na fundi cherehani wanaopitishana habari kimya kimya nani kaletwa gerezani leo, yaani wote wanatafuta jina moja kutoka pande mbili, na hawajuani.

Sauti. Maria anaongea na wanawake. Hilo ndo sijaliona kwa namna hiyo kwenye zile tatu nyingine. Polisi wanamjibu kwa dharau, lakini kila anapofika kuna mwanamke anampokea, anamshika mtoto, anampa maji, analia naye. Siku ile Domingos anapochukuliwa, majirani wanakuja mmoja mmoja kama msibani, na kuna wimbo, na nyuso, kamera haina haraka. Elisa Andrade aliyemuigiza Maria, mtu wa Cape Verde, sidhani kama ungemtambua ni kuigiza.

Urefu na mwendo. Saa moja na dakika arobaini hivi na yenyewe, rangi, na rangi zake ni nzuri mno, maji, majani, vitambaa. Mwanzoni inachukua muda kujipanga nani ni nani, vumilia nusu saa ya kwanza.

Uzito. Kuna mateso gerezani na yanaonyeshwa, Domingos anapigwa hadi kufa. Ukiwa huwezi kuona damu jua hilo. Lakini haikuachi chini kama La Noire de..., inaishia watu wanajipanga kwa ajili ya Februari 4, 1961, siku wapigania uhuru walipovamia gereza la Luanda, na ndo tarehe Angola inayohesabia vita vyake vya uhuru vilianza.

Kopi. Ilipata tuzo kuu ya tamasha la Carthage, Tunisia, 1972, alafu kwa miaka mingi ukiipata ilikuwa kopi chafu imefifia. Ikatengenezwa upya 2021, mwaka mmoja baada ya Maldoror kufariki kwa korona Aprili 2020 akiwa na miaka 90. Lugha ni Kireno, Kilingala na Kimbundu, kwa hiyo ndugu zetu wa Kongo wanaojua Kilingala watashika maneno bila kusoma, na hata sisi kuna neno hapa na pale linafanana na letu mpaka unashtuka.

Inamfaa anayetaka kuangalia na wazazi, hasa wazee wa Dar wanaokumbuka enzi Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, iko pale mjini na wapigania uhuru wanapishana nao barabarani. Baba yangu aliangalia bila kuongea, ilipoisha akaanza kutaja majina ya watu waliokuwa wanakaa karibu nao enzi hizo, tukakaa mpaka saa saba usiku.

Losing Ground (Marekani, 1982)

Hii nitaipitia haraka kidogo, sio kwamba ni ndogo, ila ukimwambia mtu sana inaharibika.

Stori ni ya nani. Kathleen Collins alikuwa mwalimu wa chuo New York, mwandishi, mwanamke mweusi msomi, na steringi wake Sara ni mwalimu wa falsafa, mweusi, msomi, ameolewa na mchoraji anayeitwa Victor anayeishi kwa hisia. Sara anaandika utafiti kuhusu furaha ile ya kupandisha, ya kutoka nje ya nafsi, na shida ni kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuionja. Mume anauza mchoro kwa makumbusho, wanaenda kupanga nyumba nje ya jiji majira ya joto, mume anaanza kuchora mwanamke mwingine na sio kuchora tu, na Sara anakubali kuigiza kwenye muvi ya mwanafunzi wake.

Sauti. Anaongea! Anafundisha, anabishana, anacheka na mama yake, na siku moja anamlipukia mumewe maneno ambayo wake wengi wamemeza miaka. Ila ujue hata wanafunzi wakimsifu darasani wanamalizia na kumuulizia mume wake, mumeo anakuthamini kweli? Msomi mzima, sifa zake zinapitia kwa mume. Seret Scott anaicheza hiyo kwa kutabasamu tu, tabasamu la mtu aliyechoka.

Urefu na mwendo. Dakika 86, rangi, maongezi mengi, kuna ucheshi na muziki. Sehemu nyingine aktingi inaonekana kama ya jukwaani na mtu atasema ni mbovu, kwangu ilizoeleka baada ya dakika kumi.

Uzito. Hakuna kifo wala damu, ni usaliti wa ndoa. Ila usidharau, kuna watu hiyo ndo itawauma kuliko gereza.

Kopi. Haikupata kuonyeshwa kibiashara majumba ya sinema enzi zake. Collins alikufa 1988 na miaka 46, na yeye saratani ya matiti kama Loden. Binti yake ndo aliyezifuatilia negativu maabara zikatengenezwa upya, ikatoka rasmi 2015, na 2020 ikaingia orodha ile ile ya Maktaba ya Bunge. Kiingereza cha kisomi, maneno ya darasani yapo.

Inamfaa mwanamke msomi aliyeolewa, mwanachuo, wanandoa wanaoweza kuongea baadae bila kugombana, na yeyote aliyechoka kuona mtu mweusi kwenye sinema ni wa kuteseka tu.

Ukiziweka pamoja

Kitu kimoja nilikiona nilipozirudia zote wiki moja ni nguo, kwamba nani anamvalisha huyu mwanamke. Diouana anavaa magauni aliyopewa na Madame, na ni Madame huyo huyo anayemfunga aproni. Wanda anaambiwa na yule jambazi hakuna suruali, hakuna rola, avae gauni, na ananunuliwa kama mwanasesere. Sara nywele amezibana na miwani usoni mpaka siku anapoingia kwenye muvi ya mwanafunzi, ndo anazifungua na anacheza, na mumewe anasimama pembeni anamuona mtu mgeni. Maria peke yake hakuna anayemgusa nguo, kitambaa chake, mtoto wake, mgongo wake, lakini ndo aliyenyang'anywa mume. Ukiziangalia kwa jicho hilo utaona kila mmoja kanyang'anywa sehemu tofauti, na ndo maana siwezi kukuambia ipi ni bora, itategemea na wewe umeguswa wapi.

Kwa ukaribu na maisha ya dairekta, Wanda na Losing Ground ziko karibu zaidi, Sambizanga iko karibu kwa mlango wa pili, La Noire de... iko mbali kidogo ila ndo iliyo karibu zaidi na maisha ya dada zetu. Kwa urahisi wa kuangalia, La Noire de... kwa ufupi wake, Losing Ground kwa maongezi yake. Kwa uzuri wa picha kwangu ni Sambizanga, ila nina rafiki anayesema Wanda na hatujapatana.

Kwa hiyo we uanze na ipi

Kama una saa moja tu na hujawahi kuangalia sinema ya kabla hujazaliwa, anza na La Noire de..., ila mchana au na mtu.

Kama unaangalia na wazazi au ukoo mzima, Sambizanga, watoto wadogo wakalale kwanza kwa ajili ya zile sehemu za gerezani, na usiizime kabla ya nusu saa.

Kama umetoka kwenye ndoa au uko ndani unajiuliza, inategemea. Kama bado una hasira, Losing Ground itakupa maneno. Kama hata hasira huna, umechoka tu, Wanda itakuelewa, lakini iangalie siku ambayo kesho yake huna kazi.

Kama Kiingereza kinakupa tabu, Wanda ina maneno machache na mepesi, Losing Ground iache ya mwisho. Mimi sijakutana na kopi yenye maandishi ya Kiswahili kwa hata moja, kwa hiyo ukiwa na mtu asiyejua lugha kaa karibu yake umtafsirie kwa sauti ya chini, inawezekana kabisa, nimefanya kwa zote nne.

Kama unafundisha au mna kikundi cha wanawake mnaokutana, chukueni La Noire de... na Losing Ground siku moja, zote mbili hazifiki saa mbili na nusu, mkae mjadili nani anayeongea na nani anayeongelewa.

Na kama utaangalia La Noire de... na mtu aliyewahi kwenda kufanya kazi za ndani nje, muulize kwanza kama anataka, mwambie inaishaje, na ikiisha usikimbilie kuwasha taa. Mama mdogo alikaa gizani kama dakika kumi ndo akaanza kusimulia.